Saa ya kompyuta ofisini: jinsi ya kuisahihisha kwa mtandao, Jinja hadi Mbale

Ankara iliyotolewa Jinja saa nne usiku tarehe 31 inaweza kusomeka kuwa ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata, endapo kompyuta iliyoitoa imetangulia kwa saa tatu. Kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, hilo ni jambo zito. Mauzo yamehama kutoka ritani ya mwezi mmoja kwenda ya mwezi mwingine, na mnunuzi wake aliyeko Mbale anabaki na karatasi isiyolingana na hati ya kupakia mzigo.

Mara nyingi hakuna udanganyifu wowote katika makosa ya namna hii. Saa ya kompyuta imeachwa ijiendee yenyewe, basi. Dawa yake imekuwapo tangu 1985, haina malipo, na inafanya kazi hata kwenye intaneti dhaifu. Ni utaratibu wa kulinganisha saa kupitia mtandao, unaojulikana kwa herufi tatu: NTP.

Kwa nini saa hupotea

Kwenye bodi kuu ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayoendeshwa na kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kompyuta ikizimwa, saa hiyo huendelea kwa nguvu ya betri ya duara mfano wa sarafu, ya volti 3, ambayo kwa kawaida ni ya aina ya CR2032. Kwatzi ya bei nafuu hukosea kwa kiasi cha sehemu 20 katika kila milioni. Hesabu hiyo ni sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu dakika moja kwa mwezi. Joto nalo hubadili mwendo wake, kwa hiyo mashine iliyo kwenye ghala la bati lisilo na dari haitakwenda sawa na ile iliyo kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Dakika moja kwa mwezi si kubwa. Balaa huanza betri inapokufa. Mashine nyingi zinazotumika katika maduka na ofisi za uwakala ni za mkono wa pili, na betri zake zimekula miaka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kompyuta huamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Karani anapojaribu kufungua tovuti ya benki au ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, kivinjari kinakataa. Sababu ni kwamba kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayodhani kuwa huu ni mwaka 2009 huona cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Hapo husemwa kwamba mtandao uko chini, fundi huitwa, na lori linaendelea kusubiri Malaba. Mtandao mzima haukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa betri ndogo ambayo fundi huibadilisha kwa dakika kumi.

Namba za siri za mara moja zinazotolewa na programu za simu, ambazo baadhi ya mifumo ya benki na barua pepe huzidai, nazo huhesabiwa kwa saa. Namba hubadilika kila sekunde 30. Simu iliyopotea kwa dakika mbili hutoa namba isiyokubaliwa, na mwenye akaunti hudhani ameibiwa neno la siri.

Ukubwa wa kosa huonyesha chanzo

Kabla ya kugusa chochote, ni vyema kupima saa imepotea kwa kiasi gani, maana kiasi chenyewe hueleza ugonjwa. Ikiwa ni sekunde au dakika chache, hiyo ni kwatzi. Ikiwa ni miaka, ni betri. Kosa la saa tatu kamili huonyesha kwamba kompyuta inafuata saa ya kimataifa, UTC, badala ya saa ya Afrika Mashariki ambayo iko mbele yake kwa saa tatu. Hutokea sana kwenye mashine zenye mifumo miwili, Windows na Linux, kwa sababu kila mmoja husoma saa ya bodi kwa namna yake. Kosa la saa tano mbele kwenye kamera za ulinzi kwa kawaida limetoka kiwandani: kifaa kimeachwa kwenye saa ya China. Saa 12 kamili ni mtu aliyechanganya asubuhi na jioni alipokuwa akirekebisha kwa mkono.

Lipo pia kosa la saa sita, na hili ni letu wenyewe. Msemaji wa Kiswahili, sawa na msemaji wa Luganda, huanza kuhesabu kunapokucha, hivyo saa moja asubuhi ndiyo 07:00 ya kompyuta. Karani akiambiwa "pakia saa nane" na kuandika 08:00 kwenye mfumo, lori limeandikwa kupakiwa asubuhi ilhali lilipakiwa mchana. Hakuna programu itakayosahihisha hilo. Ofisi zinazotumia kumbukumbu za kielektroniki hazina budi kukubaliana kwamba mdomoni ni saa nane mchana, lakini kwenye hati ni 14:00, na kwamba hakuna namba inayoandikwa bila tarakimu nne.

Kosa la saa moja kamili hueleza safari. Uganda, Kenya na Tanzania ziko pamoja. Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma kwa saa 1. Sudan Kusini ilikuwa pamoja na Uganda hadi 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa 1. Simu au kompyuta ya zamani isiyopokea masahihisho tangu wakati huo bado inaamini kwamba Juba na Jinja ni saa ileile. Msafirishaji anayepeleka saruji au sukari kupitia Elegu na kuahidi kufika saa fulani anapaswa kusema ni saa ya nchi gani.

NTP inavyofanya kazi

Utaratibu huu ulibuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, aliyefariki Januari 2024. Toleo la nne, linalotumika sasa, lilichapishwa 2010. Wazo lake ni rahisi kueleza. Juu kabisa ziko saa za atomu na vipokezi vya satelaiti za GPS, ambazo huitwa tabaka 0. Seva zilizounganishwa nazo moja kwa moja ni tabaka 1, zinazouliza hizo ni tabaka 2, na kuendelea chini. Kompyuta ya dukani ikiwa tabaka 3 au 4 haina upungufu wowote wa maana kwa biashara.

Ugumu ni kwamba swali na jibu husafiri, na safari hula muda. Mtu akipiga simu kuuliza saa na jibu likachelewa njiani, atakuwa amepata saa iliyopita. NTP hutatua hilo kwa kuandika nyakati nne. Chukua kompyuta ya Mbale iliyo nyuma kwa dakika tatu. Inatuma swali saa yake ikisoma 10:00:00.000. Seva inalipokea kwa saa yake 10:03:00.150 na kujibu 10:03:00.160. Jibu linafika Mbale saa ya kule ikisoma 10:00:00.310. Kompyuta inaona kwamba tofauti wakati wa kwenda ni sekunde 180.150 na wakati wa kurudi ni 179.850. Inazijumlisha, inagawa kwa mbili, inapata 180 kamili. Ucheleweshaji wa njia umejifuta wenyewe.

Hesabu hiyo inadhani kwamba kwenda na kurudi huchukua muda sawa. Ikiwa kwenda ni milisekunde 100 na kurudi ni 200, kosa litakuwa nusu ya tofauti, yaani milisekunde 50. Ndiyo maana hata enzi za intaneti ya satelaiti, kabla nyaya za baharini kama SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, NTP ilifanya kazi vizuri tu ingawa kila swali lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Mkongo umepunguza kosa hilo, lakini kwa ankara na mizigo hakuna anayehitaji milisekunde. Sekunde moja inatosha na kubaki.

Kurekebisha

Kwenye Windows jambo la kwanza ni ukanda wa saa. Kampala haimo kwenye orodha yake. Kinachochaguliwa ni Nairobi, yenye UTC+03:00. Kwenye Linux ipo Africa/Kampala. Hatua hii ikikosewa, NTP italeta saa sahihi kabisa ya UTC na mashine itaionyesha vibaya.

Kisha tarehe iwekwe kwa mkono ikaribie ukweli. Wengi huruka hatua hii na kushangaa. Windows iliyo peke yake, isiyo kwenye mtandao wa kampuni, kwa kawaida hukataa kusahihisha kosa linalozidi saa 15, na programu ya zamani ya Linux iitwayo ntpd hujizima ikikuta tofauti ya zaidi ya sekunde 1,000 isipokuwa imeamriwa vinginevyo. Hiyo ni tahadhari: mashine haitaki kuburutwa miaka kumi na seva iliyoharibika.

Baada ya hapo ni kuwasha usawazishaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya tarehe na saa, na kubonyeza kitufe cha Sync now. Anayependa amri huandika w32tm /resync, na w32tm /query /status humwonyesha ni lini saa ilisahihishwa mara ya mwisho na kutoka wapi. Kwenye Linux amri ni timedatectl. Mashine za Windows XP, ambazo hazijatoweka kabisa maghalani ingawa Microsoft iliacha kuzihudumia Aprili 2014, huuliza saa mara moja tu kwa wiki. Mashine kama hiyo ikiwa imezimwa au iko nje ya mtandao muda wa kuuliza unapofika, inaweza kukaa muda mrefu bila kusahihishwa.

Seva ya kuuliza isiwe moja. Mwenye saa moja hana njia ya kujua kama inadanganya, mwenye mbili zinazotofautiana hajui aamini ipi. Kuanzia nne, moja ikiharibika zinabaki tatu za kuikataa. Kundi la seva za kujitolea liitwalo pool.ntp.org, lililoanzishwa 2003, hugawa maswali kati ya maelfu ya seva duniani, na lina jina la bara, africa.pool.ntp.org, pamoja na la nchi, ug.pool.ntp.org. Kwa kuwa seva za nchi moja huweza kuwa chache, jina la bara ni salama zaidi.

Wanaonunua intaneti kwa vifurushi huuliza italeta gharama gani. Swali moja na jibu lake ni baiti 152 pamoja na vichwa vya pakiti. Mashine iliyotulia huuliza kila sekunde 1,024, mara 84 hivi kwa siku. Kwa seva nne kwa mwezi mzima, hesabu haifiki megabaiti 2. Picha moja ya WhatsApp ya shehena inaweza kukaribia hapo.

Kama saa haisahihishwi licha ya yote, shaka ya kwanza iwe ruta. NTP hupita mlango namba 123 wa UDP, na baadhi ya ruta huufunga. Ofisi yenye kompyuta nyingi hufanya vyema kuiteua mashine moja iulize nje na nyingine zote, pamoja na kamera, ziiulize hiyo. Faida yake kubwa ni kwamba hata mashine hiyo ikikosea, ofisi nzima hukosea kwa kiasi kilekile, na mpangilio wa matukio hauvurugiki.

Mtandao ukizimwa

Kuanzia jioni ya 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda kote, ikarejeshwa tarehe 18. Kwa saa za kompyuta, siku tano hizo hazikuwa na madhara makubwa. Kwa sekunde 1.7 kwa siku, mashine yenye betri nzima ilipotea kwa chini ya sekunde 10. Mashine yenye betri iliyokufa ndiyo ilikuwa taabuni, kwa kuwa kila umeme ulipokatika ilirudi nyuma miaka na haikuwa na wa kumuuliza. Anayetaka kujitegemea kabisa anaweza kununua kipokezi cha GPS cha USB, chenye uwezo wa kuwa saa ya tabaka 0 juu ya dirisha la ofisi. Kwa duka la kawaida hilo ni kupita kiasi. Kwa kampuni yenye malori thelathini na seva yake yenyewe, halina ubaya.

Saa inapokuwa ushahidi

Tangu Januari 2021 waliosajiliwa kwa VAT nchini Uganda wanalazimika kutoa ankara na risiti kupitia mfumo wa URA uitwao EFRIS, na mnunuzi asiye na ankara hiyo hupata shida kudai kodi aliyolipa. Kampuni zilizounganisha programu zao za mauzo moja kwa moja na EFRIS hutuma muda ndani ya kila ujumbe, na mfumo huo una ombi maalumu la kuuliza saa ya seva. Ni dalili tosha kwamba waliouunda walijua saa za wateja hazitaaminika. Mwenye programu yake mwenyewe amuulize fundi kama ombi hilo linatumika, au kama programu inajiamini tu.

Ieleweke pia kitu ambacho saa ya ofisini haiwezi kufanya. Ritani ya VAT hutakiwa kufika kabla ya siku 15 za mwezi unaofuata kwisha, na muda unaohesabiwa ni wa seva ya URA. Kompyuta ya Jinja ikisoma 23:40 wakati ni 00:05, kuonyesha skrini hakutasaidia.

Upande wa mizigo hali ni nzito zaidi. Shehena za transiti kutoka Mombasa hufungwa lakiri za kielektroniki chini ya mfumo wa pamoja wa ufuatiliaji wa Kenya, Uganda na Rwanda, ulioanza 2017. Lakiri huchukua saa yake kutoka GPS, na kila inapofunguliwa au lori linaposimama mahali pasipotarajiwa, muda huandikwa. Mwenye lori anayepinga tuhuma anapaswa kuleta kumbukumbu zake: tiketi ya mizani ya Magamaga, ujumbe wa pesa kwa simu wa mafuta yaliyonunuliwa Iganga, kamera ya yadi. Ujumbe wa pesa hubeba saa ya kampuni ya simu na kwa kawaida ni sahihi. Kamera ya yadi ndiyo huangusha kesi.

Tuseme mifuko imepungua katika mzigo uliotoka ghala la Jinja kwenda Kampala. Kamera inaonyesha lori likitoka getini 14:25. Kifaa cha ufuatiliaji kinaonyesha lori hilohilo likivuka Daraja jipya la Nile, lile lililofunguliwa Oktoba 2018, saa 14:10. Lori haliwezi kuvuka daraja kabla ya kutoka getini. Kwa hiyo saa moja ni mbovu, na pengo ambalo dereva alituhumiwa kulitumia haliwezi tena kupimwa, si kwa kumtia hatiani wala kwa kumsafisha. Kampuni ya bima ina kila sababu ya kukaa kimya.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda, ya mwaka 2011, inakubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa kutazama jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama njia hiyo inategemeka. Kamera iliyosawazishwa kwa NTP ina jibu la swali hilo. Ile iliyowekwa kwa mkono na fundi aliyekwisha kuondoka haina. Karibu kila kifaa cha kurekodi kamera kina ukurasa wa NTP kwenye menyu yake, na kinachokosekana ni mtu wa kuufungua. Ikigundulika kwamba saa ilikuwa mbovu, isirekebishwe kimyakimya: kwanza ipigwe picha ya skrini ya kamera pamoja na simu inayoonyesha saa sahihi, tofauti iandikwe na tarehe, ndipo irekebishwe. Rekodi za nyuma zitaweza kusomeka kwa kuongeza au kupunguza tofauti hiyo.

Vifaa vya malori

GPS nayo ina mwiba wake. Ishara yake ya zamani huhesabu wiki kwa tarakimu zinazofika 1,024 tu kuanzia 6 Januari 1980, kisha hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, na tena usiku wa 6 kuamkia 7 Aprili 2019. Vifaa vya ufuatiliaji ambavyo watengenezaji hawakuviandaa huruka nyuma kwa miaka 19 na miezi kadhaa. Mahali huonyeshwa sawasawa, tarehe ndiyo huwa ya ajabu. Si lazima kuruka kutokee siku hiyo hasa, kwani baadhi ya watengenezaji huanza kuhesabu wiki 1,024 kutoka siku programu ya kifaa ilipoandikwa, na kifaa huharibika siku isiyo na jina. Lori likionekana kupita Tororo mwaka 2006, kifaa hakijaibiwa wala kuchezewa. Aulizwe muuzaji kama kuna programu mpya ya kifaa hicho, na kama hakuna, kibadilishwe.

Mzunguko unaofuata ni Novemba 2038. Miezi kumi kabla ya hapo, tarehe 19 Januari 2038, mashine zinazohesabu sekunde kwa biti 32 zitajaa. NTP yenyewe itaanza hesabu upya tarehe 7 Februari 2036, jambo ambalo toleo la sasa limeandaliwa kulimudu. Anayenunua leo vifaa vya malori atakayoyatumia miaka 12 au zaidi ana haki ya kumtaka muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba vitavuka tarehe hizo.